Je, Kuuliza Hesabu za Kanisa ni Kuvunja Umoja?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanakwaya, na pia ni katibu wa idara ya akina mama katika usharika wetu. Tumechangia ujenzi wa kanisa jipya miaka kadhaa sasa. Tulipoomba kusomewa mapato na matumizi, wazee walikasirika. Jumapili iliyofuata tukahubiriwa Zaburi 133, kwamba ni vema ndugu wakae pamoja kwa umoja, na kwamba wanaouliza-uliza wana roho ya Kora, yule aliyemwasi Musa nyikani. Je, umoja katika Agano la Kale maana yake ni kunyamaza? Na mambo yasipobadilika, nikihama nitakuwa nimeasi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hapana, umoja katika Agano la Kale si kunyamaza. Ni watu kushiriki kitu kimoja chini ya agano moja, kila mtu akiwa na fungu lake linalojulikana, na yeyote anayeshika cha wote akiwa tayari kukionyesha. Ukiondoa hilo la mwisho, waandishi wa maandiko ya Kiebrania hawakuiti kilichobaki umoja. Nitakuonyesha ni wapi wanasema hivyo, nikianza na hiyo Zaburi uliyofungwa mdomo nayo.

Zaburi 133 ina aya tatu tu. Ni mojawapo ya zile nyimbo 15 za kupanda mlima, kuanzia ya 120 hadi ya 134, na wasomi wengi wanakubaliana kwamba ziliimbwa na mahujaji waliokuwa wakipanda Yerusalemu kwa sikukuu. Sasa soma Kumbukumbu la Torati 16 uone ni nani wanaofurahi pamoja kwenye sikukuu hizo: wewe, mwanao na binti yako, mtumwa wako na mjakazi wako, Mlawi aliye malangoni mwako, mgeni, yatima na mjane. Wote wanatajwa, mmoja baada ya mwingine, ili mwenye nyumba asije akasema alidhani karamu ni ya watu wa hadhi yake. Huo ndio umati uliokuwa ukiimba juu ya ndugu kukaa pamoja.

Na kukaa pamoja kwenyewe si hisia nzuri ya Jumapili asubuhi. Kumbukumbu 25 inawazungumzia ndugu wanaokaa pamoja pale inapoeleza sheria ya mjane ambaye mumewe amekufa bila mtoto: jina la marehemu lisifutwe katika Israeli, na mjane asiolewe nje kwa mgeni. Mwanzo 13 inatumia lugha hiyo hiyo kwa Abramu na Lutu, ambao nchi haikuwatosha kukaa pamoja kwa wingi wa mifugo yao, na Mwanzo 36 inarudia kwa Esau na Yakobo. Kila mara jambo linalozungumzwa ni malisho, nyumba na urithi. Aliyewahi kuona ndugu wakiishi kwenye shamba la marehemu baba yao ambalo halijagawanywa anajua kinachowaweka pamoja na kinachowatawanya. Siku mmoja anapovuna nyuma ya wenzake na kukataa kusema amepata magunia mangapi, wanabaki majirani tu, hata wakisali pamoja kila jioni.

Halafu angalia mafuta yale. Yanamiminwa kichwani pa Haruni, yanashuka ndevuni, yanashuka mpaka upindo wa mavazi yake. Kisha umande wa Hermoni nao unashuka milimani pa Sayuni. Mara tatu mshairi anasema kushuka. Baraka ya umoja katika zaburi hii haibaki kichwani pa aliyepakwa mafuta; anayapokea kwa niaba ya wengine, yanampita, yanateremka. Tena kuhani mkuu alivaa kifuani kifuko chenye mawe 12, kila jiwe limechorwa jina la kabila moja, kama Kutoka 28 inavyoeleza, na mafuta yanayoteremka ndevuni yanaelekea huko. Hermoni nao uko mbali kaskazini, mlima mrefu kuliko wote katika eneo lile, wakati Sayuni iko kusini katika Yuda. Wapo wasomi wanaoona hapa matumaini kwamba kaskazini na kusini, zilizogawanyika tangu siku za mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, zitapata tena baraka moja. Mimi naona wana hoja. Vyovyote iwavyo, mtu hawezi kuichukua zaburi ya mafuta yanayoshuka akaifanya kifuniko cha chungu.

Sasa twende kwenye hesabu zenyewe, maana hapo ndipo Agano la Kale lina mengi kuliko watu wanavyodhani. Fungua Kutoka 38 kuanzia aya ya 21. Ni sehemu ambayo wengi tunairuka tukisoma Biblia kwa mwaka, kwa sababu inaonekana kama ukurasa wa daftari la mhasibu. Na ndivyo ilivyo! Maskani, yaani hema la ibada la Israeli nyikani, imekamilika, na kabla ya utukufu wa Bwana kuijaza, kitabu kinasimama kutoa hesabu. Dhahabu iliyotolewa: talanta 29 na shekeli 730. Fedha: talanta 100 na shekeli 1,775. Shaba: talanta 70 na shekeli 2,400. Hesabu ilifanywa kwa amri ya Musa, chini ya usimamizi wa Ithamari mwana wa Haruni. Walioamriwa kutoa hesabu ni familia ya kuhani mwenyewe.

Ile fedha inafaa uikague kwa kalamu. Ilitokana na nusu shekeli kwa kila mwanamume aliyehesabiwa, na waliohesabiwa walikuwa 603,550. Gawanya kwa mbili, unapata shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, kwa hiyo talanta 100 ni shekeli 300,000, na zinabaki 1,775. Mwandishi anaeleza zote zilikwenda wapi: talanta 100 zilisubu vitako 100, yaani misingi ya kusimamishia mbao na nguzo, talanta moja kwa kila kitako, na zile shekeli 1,775 zilitengeneza kulabu za nguzo, kufunika vichwa vyake na kutia vitanzi. Hakuna shekeli iliyopotea njiani. Maelfu ya miaka baadaye, wewe ukiwa na simu yako mkononi unaweza kukagua mradi wa Musa na ukakuta umelingana.

Na kwa nini nusu shekeli? Kutoka 30:15 inasema tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Vitu vingine vya maskani vilitolewa kwa hiari, kila mtu kama moyo wake ulivyompa. Akina mama walisokota nyuzi, wakuu wakaleta vito. Lakini vile vitako vya fedha, ambavyo mbao za patakatifu na nguzo za pazia zilisimama juu yake, vilitokana na mchango uliokuwa sawa kwa kila mtu. Mimi nikiulizwa umoja wa Israeli ulikuwaje, kabla sijataja wimbo wowote nawaonyesha watu vitako vile. Mchunga mbuzi na mkuu wa kabila walibeba nyumba ya Mungu kwa uzito uleule, na wote wawili walisomewa fedha yao ilikokwenda.

Najua kuna mzee atakufungulia 2 Wafalme 12:15, inayosema kwamba wasimamizi waliopewa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Aya hiyo ipo, na ni nzuri. Ila aisome kuanzia aya ya 4. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na watengeneze mabomoko ya hekalu. Mwaka wa 23 wa kutawala kwake, hakuna kilichokuwa kimetengenezwa. Fikiria, binti yangu, fedha zinakusanywa na ukuta umebomoka vilevile. Mfalme hakuwaita makuhani waasi, wala hakuogopa kuonekana anawavunjia heshima; aliwaita pamoja na kuhani Yehoyada, akawauliza mbona hawatengenezi nyumba, akawaambia wasipokee fedha tena kutoka kwa watu. Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume mtu anapoingia. Kila walipoona fedha zimekuwa nyingi, walikuja watu wawili kutoka ofisi mbili tofauti, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazifunga mifukoni na kuzihesabu pamoja. Ndipo zikaenda kwa wasimamizi, na kutoka kwao kwa maseremala, waashi na wachongaji wa mawe.

Kwa hiyo ule uaminifu wa aya ya 15 ulikuja baada ya kasha kuwekwa mahali pa wazi, tundu kutobolewa na fedha kuhesabiwa na watu wawili. Kunukuu aya moja bila kasha lake si haki kwa maandiko. Na ona kwamba Yehoyada, kiongozi wa wale wale makuhani, ndiye aliyelitengeneza. Hakuna aliyemfukuza, na hakufukuza mtu.

Unaweza kuuliza, je, Israeli hawakuwahi kuwa na umoja kamili, wote wakisema neno moja? Waliwahi, na simulizi lake linatisha. Waamuzi 20 inasema mara tatu, aya ya 1, ya 8 na ya 11, kwamba watu wote walikutana kama mtu mmoja. Walikutana Mispa, watu 400,000 wenye kutumia upanga, kwa sababu ya uovu wa kutisha uliotendwa Gibea ya Benyamini: suria wa Mlawi mmoja alibakwa usiku kucha mpaka akafa. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini sikiliza ushahidi uliotolewa pale. Alisema mtu mmoja tu, yule Mlawi, na alipoeleza usiku ule hakusema kwamba ni yeye aliyemshika mwanamke na kumtoa nje kwa wale wahuni. Ukilinganisha sura ya 19 na maneno yake katika sura ya 20 utaona pengo. Hakuna hata mmoja katika 400,000 aliyemuuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Walikata shauri kwanza, ndipo wakapeleka watu Benyamini kudai wahalifu. Benyamini nao wakawakumbatia wahalifu wao, kwa umoja wa kikabila ulioshinda haki. Ikafuata vita vya ndugu kwa ndugu. Kati ya wanaume wa Benyamini walisalia 600 kwenye jabali la Rimoni, na mwisho wake mabinti wa Shilo walitekwa wakiwa wanacheza kwenye sikukuu, ili kabila lisife. Kilichoanza kwa kumtetea mwanamke mmoja kiliishia kwa kuwateka mamia.

Linganisha na Yoshua 22. Pale nako mkutano wote ulikusanyika Shilo, tayari kupigana na Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, kwa kuwa walisikia wamejenga madhabahu nyingine karibu na Yordani. Safari hii walituma kwanza Finehasi na wakuu 10, wakauliza waziwazi, tena kwa maneno makali. Wakajibiwa kwamba madhabahu ile si ya sadaka, ni ushahidi, ili siku za mbele watoto wa ng'ambo hii wasije wakawaambia watoto wa ng'ambo ile kwamba hawana sehemu katika Bwana. Jibu likawapendeza, vita haikupiganwa. Swali moja lililoulizwa kwa wakati wake liliyaokoa makabila mawili na nusu. Nashangaa kwamba sura hii haihubiriwi zaidi makanisani mwetu.

Tuje kwa Kora, kwa kuwa umeitwa kwa jina lake na najua limekuuma. Katika Hesabu 16, Kora alisema maneno mazuri: mkutano wote ni mtakatifu, kila mmoja miongoni mwao. Lakini Musa alimwambia alichokuwa akikitafuta, yaani ukuhani. Hakuwa na swali, alikuwa na kiti anachokitaka. Basi jipime hapo, tena kwa ukweli: unataka kujua fedha zilikokwenda, au kuna mtu unataka aondoke ili wa kwenu akae? Kama ni la pili, wazee wako wana haki ya kuhofu. Ila na wao wasome mpaka aya ya 15. Musa, akishambuliwa na Kora halisi, anamwambia Bwana kwamba hakutwaa hata punda mmoja kwao wala hakumdhuru mtu miongoni mwao. Samweli alifanya zaidi alipozeeka. Katika 1 Samweli 12 alisimama mbele ya Israeli yote akawataka washuhudie: alitwaa ng'ombe wa nani, alitwaa punda wa nani, alipokea rushwa mkononi mwa nani? Watu hawakuwa wamemtuhumu. Alijiweka wazi mwenyewe.

Nikupe mfano unaokufaa zaidi wewe. Hesabu 27 inawataja mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa nyikani bila mtoto wa kiume, na kwa utaratibu wa siku zile fungu lake la ardhi lilikuwa linapotea. Hawakunung'unika kisimani. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Na katika maneno yao ya kwanza kabisa walisema baba yao hakuwa katika mkutano wa Kora! Walijua fika jina watakalopewa, wakalishughulikia kabla halijatamkwa. Ndipo wakauliza kwa nini jina la baba yao liondolewe. Musa hakuwafokea, wala hakujifanya anajua jibu. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wanawake hao wananena sawa. Baadaye, katika sura ya 36, wazee wa ukoo wao wakaleta hofu yao kwamba ardhi ingehama kabila, nao wakasikilizwa, na uamuzi ukaongezewa sharti. Pande zote mbili zilisema, zote zilijibiwa, na Manase, kabila lao, akabaki Manase.

Fanyeni kama wao. Andikeni barua kwa baraza, mkiwa na majina yenu chini, si ujumbe wa kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Ombeni jambo moja linaloweza kujibiwa: kusomewa mapato na matumizi ya ujenzi mbele ya mkutano wa usharika. Msimtaje mtu kuwa mwizi, maana hamna ushahidi, na Walawi 19 inakataza kwenda huku na huko kama mchongezi. Lakini sura hiyo hiyo, aya ya 17, inaagiza kumkemea jirani badala ya kumchukia moyoni, usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Mtu anayeweka kinyongo kimya kimya, akitabasamu mezani pa Bwana, ndiye anayeonywa pale.

Nehemia naye alipita njia hiyo. Katika sura ya 5, ukuta wa Yerusalemu ukiwa bado unajengwa, maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na mabinti zao kwa ndugu zao Wayahudi. Angeweza kusema kwamba adui yuko nje, tumalize mradi kwanza. Alikasirika, akafikiri moyoni, akawagombeza wakuu, akaitisha mkutano mkubwa, akakiri kwamba hata yeye na watumishi wake walikuwa wakikopesha, mashamba yakarudishwa. Kisha akaandika hesabu ya meza yake kama liwali kwa miaka 12: ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri kila siku, pamoja na kuku, wala hakudai posho ya liwali. Ni baada ya hayo ndipo tunasoma, katika sura ya 8, kwamba watu wote walikusanyika kama mtu mmoja uwanjani mbele ya lango la maji kusikiliza Torati. Kilio cha sura ya 5 kilishapata majibu.

Kuhusu kuhama. Abramu na Lutu waliachana, na hakuna aya inayomwita Abramu mwasi. Alisema wasigombane kwa kuwa ni ndugu, akampa mdogo achague kwanza. Na Lutu alipotekwa na wafalme wa mashariki, Abramu alitoka na watu wake 318 akamfuata hadi Dani kumwokoa. Kuachana kwa namna hiyo kunaruhusiwa. Kuachana kwa Rehoboamu ni kwingine: watu walimwomba awapunguzie kongwa la baba yake, akawajibu atawapiga kwa nge, na makabila 10 yakaenda zao. Katika simulizi hiyo 1 Wafalme 12 inaweka lawama wazi kwa mfalme aliyekataa kusikia, ingawa inasema pia kwamba neno hilo lilitoka kwa Bwana.

Kwa hiyo, ikifika mahali barua imejibiwa kwa matusi, ngazi ya juu ya kanisa lenu imeombwa kuingilia na haikufanya kitu, unaweza kuondoka kama Abramu: kwa kuaga, bila kuchoma jina la mtu, na ukiwa tayari kurudi kumsaidia aliyebaki akipata shida. Lakini kwa ulivyonieleza hujafika huko. Mmeuliza mara moja tu, kwa mdomo. Andikeni kwanza hiyo barua, na mnukuu ndani yake Kutoka 38:21-31.